Punguzo la Miaka Minane

Kila Jumamosi, mama akirudi kutoka kugawa mikate, Kasuku ndiye aliyeliosha gari. Mama huyo aliamka saa tisa usiku, akapakia makreti kiwandani, akazungukia maduka kumi na moja, akamalizia kwenye kantini ya hospitali. Saa nne asubuhi alirudi na macho mekundu, akaliegesha gari mbele ya nyumba, akachomeka jiwe chini ya tairi kwa sababu barabara ile ina mteremko, kisha akalala kama gogo. Kasuku alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina hilo alibandikwa mtaani kwa sababu ya mdomo wake usiojua likizo.

"Nje ni kwako, ndani ni kwangu," mama alimwambia kila mara. "Usiguse kitu ndani."

"Nimesikia, mama."

Jumamosi moja Kasuku alitaka magurudumu yang'ae kama mapya. Alisugua tairi la mbele mpaka povu likawa jeusi, ila sehemu iliyokanyaga lami haikufikika. Basi akapata akili, au ndivyo alivyodhani: gari likisogea hatua moja tu, tairi litazunguka, naye atausugua upande uliobaki. Akaondoa jiwe. Akaingia ndani, akashusha breki ya mkono.

Gari halikujua habari ya hatua moja. Liliteremka lenyewe, na Kasuku alipoivuta breki kwa mikono miwili, nguzo ya umeme ilikuwa imeshafika. Taa ya mbele ilimwagika vipande vipande. Kona ya boneti ikakunjamana. Kwa seremala jirani msumeno wa mashine ulikuwa unapiga kelele, hata hakuna aliyegeuza shingo.

Mama alitoka mbio, peku. "Nini hiki? Nani kafanya hivi?"

Mdomo wa Kasuku ukatangulia kabla ya kichwa chake. "Lori, mama! Lori la mbao! Limerudi kinyumenyume, limetusukuma mpaka kwenye nguzo, limekimbia!"

"Umeumia?"

"Hapana."

Mama akamkumbatia kwanza, ndipo akaitazama taa. Kasuku hakuja kuusahau mpangilio huo.

Mama alikuwa na bima kubwa, ile inayotengeneza hata gari lako mwenyewe. Akadai. Mkaguzi alikuja, akapiga picha, akaona bampa la nyuma lenye michubuko ya zamani, akadhani ni ya lori. Kampuni ikamlipa fundi bodi, gari likarudi zima. Kasuku akashusha pumzi. Alijiambia kwamba kampuni ina hela nyingi, na dereva wa lori hayupo duniani, kwa hiyo hakuna aliyeumia.

Mwezi mmoja baadaye bima iliisha muda. Mama alimchukua Kasuku hadi ofisini kwa wakala ili amsomee herufi ndogo, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kumkatalia. Wakala alikuwa bwana mnene, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi. Aliandika tarakimu kwenye karatasi, akaisukuma mezani.

Mama akaisogeza karibu na pua. "Kaka, umekosea. Hii ni mara mbili. Mimi ni wa nusu bei."

"Ulikuwa, dada yangu."

"Nilikuwa vipi?"

Wakala alieleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kuirudia hadithi hiyo mara nyingi. "Mtu akimaliza mwaka bila kudai fidia, tunampunguzia ada ya mwaka unaofuata. Mwaka wa kwanza, kumi katika kila mia. Wa pili, ishirini. Inapanda hivyo hadi nusu, inasimama hapo. Wewe ulifika nusu siku nyingi. Miaka minane hukudai hata kioo. Sasa umedai, umerudi mwanzo."

"Lakini kosa si langu! Nilikuwa nimelala!"

"Najua. Punguzo hili haliulizi nani mkosaji. Linauliza kama tumetoa fedha. Lile lori tungelipata, tungemdai mwenye lori, na miaka yako ingebaki. Hatukulipata."

"Na siku nilipokuja kudai, mbona hukuniambia?"

"Imeandikwa, dada." Akaigeuza karatasi. Herufi zilikuwa kama mayai ya chawa.

Miaka minane! Mama alikuwa amekwepa mashimo ambayo hakuna mkubwa aliyewahi kuyaziba, amefunga breki kwa ajili ya walevi na mbuzi, na kila mwaka kampuni ilipokea ada yake bila kuchelewa hata siku moja. Siku ya kupokea walikuwa na mdomo. Siku ya kumwonya, mdomo ukawa karatasi.

"Mwanangu alikuwepo," mama alisema. "Mwambie bwana huyu vizuri. Ukikumbuka lilivyokuwa, huenda wakalipata."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Kasuku alitazama uzi wa miwani. "Lilikuwa la bluu," akasema. "Lilikuwa na turubai la kijani."

Hakuna aliyekuwa amemuuliza rangi.

Fedha ya ada nzima haikuwepo, na gari lisilo na bima haliingii barabarani. Likasimama siku tisa. Mama alibeba makreti mawili mawili kwa miguu hadi maduka ya karibu, akirudi shingo imekakamaa. Hospitali ilikuwa mbali. Kantini ilingoja siku tatu, kisha msimamizi wake akapiga simu. "Tumepata mtu mwingine, mama. Wagonjwa hawawezi kuendelea kunywa chai kavu."

Siku ya kumi mjomba wa Kasuku alimkopesha dada yake, bima ikalipwa. Jioni hiyo mama na Kasuku walikuwa uani wakifuta makreti.

"Huyo dereva wa lori namuwaza," mama alisema. "Labda naye ameajiriwa, akaogopa kufukuzwa. Nikimwona wala sitamtukana. Nitamwambia tu, ulipokimbia, mwenzangu, ulinitwisha mimi."

"Mama."

"Ee."

"Hakukuwa na lori."

Mama aliendelea kufuta kreti lile lile. Kasuku akasema yote: tairi, jiwe, breki, nguzo. Alipomaliza, mama aliuliza swali moja.

"Na lile turubai la kijani?"

"Nililitunga pale pale."

Mama akaweka kitambaa chini, akaingia ndani. Hakupiga, hakufoka. Kasuku angepigwa angeona nafuu.

Asubuhi walikwenda kwa wakala. Mama hakuketi. "Kaka, andika upya. Si lori. Ni mtoto wangu."

Wakala akavua miwani. "Dada, taarifa ya uongo inaweza kufika polisi."

"Ndiyo maana nimekuja kabla hawajanifuata."

Bwana yule alimtazama Kasuku, kisha mama. "Rudisha fedha tuliyompa fundi. Nitawaandikia wakubwa kwamba umekuja mwenyewe, hukujua. Wakikubali, faili litafungwa kama la mtu ambaye hakudai."

"Fedha ya fundi ilikuwa kiasi gani?"

Akamtajia. Ilikuwa robo tu ya kile ambacho mama alipoteza kwenye ada.

"Robo!" mama akasema. "Ningemlipa fundi mwenyewe, nikakaa na punguzo langu. Na wewe ulilijua hilo, kaka, ukanyamaza."

Wakala alichezea uzi wake. "Nilipaswa kukwambia. Hilo ni langu."

Mama alitoa akiba aliyokuwa ameiwekea tairi mpya. Wiki mbili zilipita, jibu likaja: nusu bei imerudi, na ziada itarudishwa. Mjomba akalipwa deni lake. Kasuku aliomba apelekwe kantini aseme kwamba kosa halikuwa la mama. Msimamizi alimsikiliza hadi mwisho. "Asante kwa kusema," alimjibu, "lakini huyu mwingine nimeshamwahidi, naye ana watoto."

Walirudi garini. Mama hakuwasha injini mara moja.

"Sikiliza. Ungeniambia siku ile ile, ningelia taa moja na boneti, yakaisha. Uliona kampuni ndiyo italipa. Mwanangu, mkubwa akidanganywa halipi yeye, anashusha mzigo kwa aliye chini, na chini pale nilikuwa mimi. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo. Ukweli wa kuchelewa nao ni mzuri, nimeupokea. Ila haurudishi kila kitu."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe tangu uani. Nililokuwa natafuta ni maneno ya kukufundisha."

Tangu hapo kila Jumamosi Kasuku huenda na mama kugawa mikate, asaidie kushusha makreti. Wanazunguka maduka kumi na moja. Wakifika geti la hospitali mama hapunguzi mwendo, na Kasuku, mwenye mdomo usiojua likizo, hunyamaza mpaka geti lipite.