Avokado Thelathini, Embe Ishirini

Nilipofika ghorofa ya tatu, mfuko wa mboga za sukuma ulinitoka mkononi.

Mume wangu alikuwa amemshika jirani yangu kiunoni!

Si begani. Si mkononi. Kiunoni, pale kwenye ngazi, saa saba mchana, na yule mwanamke amelaza kichwa kwenye shati nililolipiga pasi asubuhi mwenyewe.

"Baba Muthama!!"

Wakageuka wote wawili.

"Zii, si vile unafikiria," mume wangu akasema. "Mama Kadija ameskia kizunguzungu. Nimemshika asianguke."

"Kizunguzungu?"

"Ni kweli, Mama Muthama," Sundus, huyo Mama Kadija, akasema kwa ile sauti yake laini. "Macho yaliingia giza ghafla."

Nikamtazama juu mpaka chini. Buibui limemlegea. Shingo imechongoka. Kiuno nacho... kiuno kilikuwa kimetoshea kiganja cha mume wangu vizuri sana.

Wapendwa, hapo ndipo wivu uliponipanda kichwani. Usinitukane bado kwenye komenti. Soma kwanza.

Mimi ni Ndindi, mtu wa mtaa wa Tassia, ghorofa ya nne. Naoka keki za oda. Sundus ni mlango wa pili kutoka kwangu. Mumewe, Junaid, anauza viatu. Miaka sita tumeombana chumvi na kuangaliana watoto, hatujawahi hata kununiana.

Mwezi wa kwanza, sisi wanawake watano wa ghorofa yetu tulianzisha kikundi cha kupunguza mwili. Chakula ni matunda na mboga, na kila Jumamosi asubuhi tunashuka duka la dawa kupanda mizani.

Kwa kuwa mimi ndiye mwenye mizani ya jikoni, ile ya kupimia unga, nikapewa kazi ya kuhesabu kalori. Mtu akinunua tunda kwa Mbinya, mama mboga wetu, ananiletea. Napima, natafuta kwenye simu, namwambia. Ndizi, mia na tano. Embe zima, mia mbili. Avokado kubwa, mia tatu.

Wakaniita Mwalimu!

Wiki ya sita, Mwalimu alikuwa amepunguza nusu kilo. Makombo ya keki na krimu ya kulamba kwenye mwiko sikuyahesabu. Nani anahesabu kulamba?

Sundus? Kilo tano!

Na mume wangu Mbaluka, ambaye hajui kunyamaza, akaniambia tukiwa mezani:

"Mama Kadija amekuwa supuu, mrembo kabisa, aki. Sasa wewe hiyo dayati yako ni ya kuongeza?"

Akacheka. Nikacheka pia, kwa meno tu. Sasa unaelewa nilikuwa na moyo gani siku nilipowakuta kwenye ngazi.

Jioni ya siku hiyohiyo, Sundus akabisha kwangu.

"Mama Muthama, nimekuja tusiwekeane kitu moyoni."

"Hakuna kitu."

"Basi nisaidie jambo moja. Niandikie kalori za matunda na mboga zote, karatasi moja. Nitabandika kwenye friji. Nataka kujumlisha mwenyewe, nijue nakula ngapi kwa siku."

Eti ajumlishe mwenyewe! Kilo tano hazijamtosha? Anataka kubaki mifupa ili mume wangu ambebe mgongoni?

"Nitakuandikia," nikasema. "Wewe kaa hapo, kunywa maji."

Akanywa jagi zima. Mimi nikaandika.

Avokado, 30.

Embe, 20.

Ndizi mbivu, 15.

Zabibu, bakuli zima, 10.

Na upande wa pili nikapandisha. Sukuma, 250. Tango moja, 180!

"Tango?" Akashangaa. "Si ni maji matupu?"

"Tango ni adui, Mama Kadija. Linanenepesha kimyakimya."

"Na maembe?"

"Kula mpaka ushibe."

Akanishukuru. Akanikumbatia. Nikafunga mlango nikicheka peke yangu jikoni, nikiwaza tu vile buibui litakavyombana.

Baada ya wiki mbili, Mbinya akaniambia, "Huyo jirani yako ananimalizia maembe. Asubuhi manne, jioni avokado mbili, na ndizi juu yake!"

Nikasema moyoni, vizuri sana!

Jumamosi tukapanda mizani. Sundus... kilo mbili chini.

Jumamosi iliyofuata... kilo tatu chini!

Wapendwa, nilitaka kulia pale dukani. Mimi natafuna tango, nimekwama palepale. Yeye anakula embe na avokado, anakonda! Huyu alizaliwa na bahati gani?

Na hizo ziara zake sasa! Akija kwangu lazima aombe maji. Akimaliza, anaomba choo. Nusu saa, anaomba tena maji. Nikajua anatafuta sababu ya kukaa mpaka Mbaluka arudi kutoka kazini. Halafu Mbaluka akaanza kumpandishia mitungi ya maji, eti mama wa watu amechoka.

"Yetu hujawahi kubeba hivyo!" nikamfokea.

"Ndindi, huyo mtu hayuko sawa. Si unamwona?"

"Naona vile unavyomwona wewe!"

Akachukua mtungi wa Sundus, akatoka. Nikachukua kutoka kwake kama ushahidi.

Jumamosi ya nne, Sundus hakushuka kupima. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Amenenepa! Anaogopa mizani! Nikapanda ngazi mbiombio kwenda kujionea, na mume wangu nyuma yangu amebeba kapu la mboga.

Mlango ulikuwa wazi.

"Mama Kadija?"

Nikaita tena.

Nikaingia jikoni... Sundus alikuwa chini, kwenye sakafu! Maganda ya embe mezani, midomo imekauka. Nikainama nimwite, na pumzi yake ikanipiga puani. Ilinuka utamu, kama tunda lililoiva mpaka likaanza kuoza.

"Mbalukaaaa!"

Mbaluka akamwinua, akashuka naye ghorofa nne bila kupumzika. Nilikimbia nyuma yao, na kwa mara ya kwanza sikuangalia mikono yake imeshika wapi.

Hospitalini wakamchoma kidole. Kile kimashine cha sukari hakikutoa hata namba. Kiliandika tu kwamba imepita kiwango.

Junaid akafika akihema. Alikuwa amepitia nyumbani.

"Alikuwa anakula nini?" daktari akauliza. Alikuwa msichana mdogo, lakini macho makali.

"Kila kitu kiko hapa," Junaid akasema, akatoa karatasi. Karatasi yangu! "Ameifuata hii, hajaruka hata siku moja."

Daktari akasoma. Akasoma tena.

"Maembe mangapi kwa siku?"

"Manne. Na avokado mbili, ndizi nne, bakuli la zabibu, sukuma sahani moja... Jumla ilikuwa kama mia tano."

"Hapana. Hii ni elfu mbili, na zaidi. Mtu akila hivi na bado anakonda, anakimbia hospitali siku hiyohiyo. Mwili unaipoteza sukari kwenye mkojo. Nani aliandika hizi namba?"

Junaid alikuwa anaitazama karatasi mkononi mwa daktari.

"Ndiyo maana aliiomba," akasema polepole. "Mama yake alikufa na sukari, daktari. Ilianza kwa kukonda hivihivi. Sundus aliogopa sana. Akaniambia, nitapiga hesabu kwanza. Nikiona nakula kidogo, basi ni dayati. Nikiona nakula sana na bado nakonda, naenda kupimwa. Siku aliyopewa karatasi alijumlisha, akaniita. Akasema, alhamdulillahi Junaid, ni kidogo sana, si ugonjwa."



Kumbe hakutaka kukonda zaidi! Alikuwa anauliza kama anakufa, na mimi nikamjibu kwa kalamu.

Ulimi wangu ulikuwa tayari na uongo. Simu ilikosea. Simu ilikosea, sema tu hivyo, Ndindi! Mbaluka akanitazama. Anajua embe ni mia mbili, nimemwimbia hiyo hesabu kila siku mezani.

"Ni mimi," nikasema. "Na sikukosea. Nilitaka anenepe."

Junaid hakunitusi. Aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akamgeukia daktari kumuuliza kama mkewe ataamka.

Aliamka siku ya tatu. Sasa yuko nyumbani, anajidunga sindano kila siku, na jicho la kushoto linaona ukungu. Nilienda nikapiga magoti kando ya kitanda chake, nikamweleza yote.

"Wivu wa nini, Mama Muthama?"

"Vile ulivyokuwa unakonda."

Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Si ungeomba tu? Ningekupa kukonda kote."

Akasema amenisamehe. Mbaluka anaongea nami, ila maneno ya lazima. Kikundi kilivunjika, na hakuna anayeniita Mwalimu.

Wewe unayesoma hii, kuna mtu unamwonea wivu leo. Mwambie, hata kwa utani. Au umwambie Mungu wako. Usiuweke kwenye chakula chake wala kwenye ushauri unaompa, kwa sababu hujui swali lake limetoka wapi. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema wenye wivu wajinyonge. Sikujua najiongelea mwenyewe.

Jumanne iliyopita nilimpelekea bakuli la sukuma na matango, bila chumvi nyingi, kama alivyoshauriwa. Alilipokea kwa mikono miwili. Akasema, ahsante, Mungu akuweke.

Kabla sijafika mlangoni kwangu, nikasikia analimwaga kwenye ndoo ya taka.

Hata mimi ningemwaga.