Siku Ishirini na Nane

Mtaa mzima ulimwita Injinia, ingawa alikuwa bado hajahitimu chuo kikuu. Jina hilo alipewa na baba yake siku alipopata nafasi ya kusomea ujenzi. Baba yake mwenyewe alikuwa mwashi. Alikuwa amejenga nusu ya nyumba za mtaa ule, na watu wote walimwita Fundi. Basi nyumba ile ilikuwa na Fundi na Injinia. Mama naye alisema yeye ndiye mkandarasi, maana ndiye anayewalisha wote wawili.

Asubuhi moja ya Alhamisi, Injinia alitoka uani na kikombe cha chai. Ua ulikuwa umejaa matofali ya saruji, safu kwa safu, yamefunikwa magunia mabichi. Fundi alikuwa ameshayamwagilia maji, kama kila siku kwa mwezi mzima. Sasa alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, miwani puani, kitabu mapajani.

Kitabu chenyewe kilikuwa ripoti ya utafiti ya Injinia, ya mwaka wa mwisho. Fundi alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la watu wazima. Alisoma kwa sauti, akifuata maneno kwa kidole.

"U-wi-a-no," alisoma. "Uwiano ndio nini, mwanangu?"

"Ni kiasi cha kitu kimoja kwa kingine, Baba. Karai moja la saruji kwa makarai sita ya mchanga. Huo ni uwiano."

"Kumbe miaka thelathini nachanganya uwiano na sijijui!" Fundi alicheka mpaka miwani ikateleza. Kisha akafungua ukurasa mwingine. "Hebu tazama hapa, ukurasa wa kumi na nne. Umesema nikitumia vumbi la mawe badala ya mchanga, karai moja la saruji linatosha makarai kumi na mawili. Na tofali linatoka gumu vilevile. Kumi na mawili! Mimi nimezoea sita. Nimekuwa nikimwaga saruji bure tangu hujazaliwa."

Injinia alisogea karibu. "Baba, haya matofali umeyafyatua kwa uwiano gani?"

"Kwa uwiano wako, kwani wa nani? Ni ya ukuta wa chekechea. Kamati ya wazazi imefurahi sana. Jumatatu tunaanza kupanga." Akashusha sauti, kama mtu anayetoa siri. "Nikwambie ukweli, wakati nachanganya, mkono wangu ulikataa. Niliona mchanganyiko ni mkavu, haushikani. Lakini nikaukanya. Nikauambia, wewe mkono hujaenda chuo."

Chai ilimmwagikia Injinia vidoleni, na hakuisikia. Alijua vizuri kilichokuwa katika ukurasa wa kumi na nne. Kulikuwa na namba ambazo hakuna mtu aliyezipima.

Ilikuwa hivi. Utafiti wake ulimtaka afyatue matofali kwa uwiano mbalimbali. Kisha ayatunze kwa siku ishirini na nane, kwa sababu saruji inahitaji muda huo ikomae. Baada ya hapo ayapeleke maabara, yakandamizwe na mashine mpaka yavunjike. Injinia aliahirisha leo, akaahirisha kesho. Mara zikabaki siku kumi tu za kukabidhi ripoti. Maji yakamfika shingoni.

Karibu na geti la chuo kulikuwa na duka la fotokopi. Mwenye duka walimwita Kopi. Alikuwa mtu wa tabasamu na manukato.

"Siku ishirini na nane za nini, dada yangu?" Kopi alimwambia. "Mimi nakupa dakika ishirini na nane. Ninayo ripoti ya mtu wa chuo kingine. Tunabadilisha jina, namba tunazipika kidogo zipendeze, basi. Kila mtu anapika."

"Na sahihi ya mhadhiri?"

"Karani wa idara ni mtu wangu. Umpe kidogo tu, hiyo ripoti haitafunguliwa hata ukurasa."

Injinia aliwalipa wote wawili, na kweli ripoti haikufunguliwa. Ilipigwa mhuri, ikapewa alama nzuri. Injinia alifikiri mambo yameishia pale. Hakuwahi kuwaza kwamba katika dunia hii kuna mtu mmoja ambaye angeisoma ripoti ile neno kwa neno, na kuiamini yote.

"Baba," alisema, "si utumie tu mchanganyiko wako wa zamani?"

Fundi alimtazama kama aliyetukanwa. "Nibishane na chuo kikuu, mimi? Wewe unyenyekevu wako umezidi, mwanangu."

Injinia aliingia ndani, akavaa viatu, akaenda chuoni.

Maabara ya ujenzi ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya saruji na mafuta ya mashine. Msimamizi wake alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye koti la bluu lililopauka. Wanafunzi walimwita Mama Mashine. Alimsikiliza Injinia mpaka mwisho bila kumkatisha. Kisha akatoa daftari kubwa kutoka kwenye kabati.

"Ripoti yako inasema ulipima tarehe ngapi?"

Injinia aliitaja.

Mama Mashine alifunua daftari, akaweka kidole. "Wiki hiyo mashine ilikuwa mbovu. Umepima matofali kwa mashine iliyolala, binti yangu. Hilo nalo ni jipya."

Injinia aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. "Mama, nifanyeje?"

"Kaa kwanza." Mama Mashine alimsogezea stuli. "Unajua ripoti ya utafiti ni nini? Ni ushahidi. Unawaambia watu: nilikuwepo, nilifanya hivi, nikaona hivi. Ukichukua maandishi ya mwenzio ukaweka jina lako, huo ni wizi. Ukipika namba, huo ni ushahidi wa uongo. Na ukimpa karani kitu ili afumbe macho, hiyo ni rushwa, uiite chai, uiite asante. Watu wanadhani ni mambo ya karatasi tu. Lakini daktari naye aliandika ripoti, na anayetibu maji ya kunywa naye aliandika. Sasa hebu fikiria wote wangepita kwa Kopi."

"Muda ulikuwa umenishinda, Mama."

"Muda ukikushinda unaandika barua kwa mhadhiri wako, unaomba kuongezewa. Wengi wanapewa. Ukitumia kazi ya mtu, unamtaja: hili limesemwa na fulani, katika kitabu fulani. Hapo huibi, hapo unasoma. Jaribio likiharibika, unaandika limeharibika. Na mtu akikudai rushwa, ipo ofisi ya malalamiko pale juu. Wanapokea, na jina lako wanalificha ukitaka." Akafunga daftari. "Kesho leteni matofali. Nitayapima. Lakini baba yako umwambie wewe, kwa mdomo wako. Mimi sitakusaidia hilo."

Injinia alirudi nyumbani jua likiwa bado kali. Aliwakuta wazazi wake barazani. Akapiga moyo konde.

"Baba, Mama, zile namba za kwenye ripoti nilizipika."

Mama aliacha kuchambua mboga. "Ulipika? Wewe? Wewe ambaye hata chai inakushinda?"

"Si kupika huko, Mama. Nilizitunga. Sikupima tofali hata moja. Ripoti nzima niliinunua."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Ilikuwa safi tangu mwanzo.

"Chekechea," alisema hatimaye. Alisema neno hilo tu. Kisha akasimama, akaenda kuketi kati ya matofali yake, mgongo umewageukia. Injinia alilia. Mama hakumbembeleza, lakini alimsogezea bakuli la mboga, wakachambua pamoja.

Kesho yake walikodi gari dogo la mizigo. Walipakia matofali matatu mapya, ya kumi na mbili. Fundi aliongeza matatu ya zamani, ya sita, yaliyokuwa yamebaki kwenye kazi nyingine.

Fundi alipoingia maabara alivua kofia. Mashine ilikuwa ndefu kumpita, yenye bamba la chuma juu na jingine chini. Pembeni kulikuwa na saa kubwa yenye mshale mwekundu.

"Inauma?" aliuliza, na Mama Mashine akacheka.

Tofali la kwanza lilikuwa la zamani, la mchanganyiko wa sita. Mama Mashine aliliweka katikati ya vyuma, akabonyeza kitufe. Mashine ikaanza kunguruma taratibu. Mshale ukasogea. Tani tano. Tani kumi. Tofali lilikaa kimya, halijatikisika.

"Kumi na tano," alisoma Mama Mashine. "Hapa ni kama lori limekaa juu yake. Kumi na nane. Kwa ukuta wa namna hii, maabara yetu haikubali chini ya hapo. Ishirini."

"Bado?" Fundi alinong'ona.

"Bado."

Kwenye ishirini na nne tofali lilitoa mlio, kishindo kizito kilichowapita miguuni. Likapasuka kwa mstari uliosimama. Fundi alikuwa mdomo wazi. Alikwenda akakigusa kipande, polepole, kama anayegusa mtoto aliyelala.

"Miaka thelathini nalibeba," alisema. "Lori zima! Hiki kitu nakifanya kwa koleo na karai. Mimi!"

Injinia alimtazama baba yake, akashangaa kuliko alivyowahi kushangaa darasani. Mikono ile ilikuwa ikijua jibu siku zote. Haikuwa na ripoti, haikuwa na mashine, na bado ilikuwa imepatia. Naye ndiye aliyeinyamazisha kwa karatasi.

Kisha likawekwa tofali jipya. Mshale ukapanda hadi tano, ukaanguka. Hapakuwa na mlio. Tofali lilimomonyoka tu, likawa rundo la vumbi juu ya chuma. La pili likafika nne. La tatu halikufika hata hapo.

Mama, ambaye alikuwa amekuja kama mkandarasi, alishika kifua. "Na watoto wanavyoegemea kuta," alisema.

Jumatatu hawakupanga matofali. Fundi na Injinia waliyavunja, yote, kwa nyundo. Kazi ilichukua siku mbili. Fundi mwenyewe alikwenda kwa kamati ya wazazi, na Injinia alikwenda naye, akaeleza kosa ni la nani. Mwenyekiti alifoka sana. Kisha akasema afadhali kusikia habari hii kabla ya ukuta kuliko baada yake. Chekechea ilijengwa kwa mchanganyiko wa sita, ikachelewa mwezi mmoja.

Chuoni ilikuwa kazi zaidi. Injinia aliandika barua kwa mhadhiri wake, akakiri kila kitu. Alama zake zilifutwa. Aliambiwa arudie mwaka, na wenzake wakavaa majoho bila yeye. Alitoa maelezo pia ofisi ya malalamiko, na baada ya uchunguzi karani wa idara alisimamishwa kazi. Duka la Kopi lilifungwa kwa kufuli mbili. Mtaani watu walimcheka kwa muda. "Injinia wa kupika!" walisema. Alivumilia.

Akaanza upya. Alifyatua matofali uani na baba yake, ya sita, ya nane, ya kumi, ya kumi na mbili, yote kwa vumbi la mawe. Kila moja alilichora namba na tarehe. Kila asubuhi na jioni aliyamwagilia maji, akaandika. Siku ya tisa mbuzi wa jirani aliangusha tofali moja la kumi, nalo akaliandika: limeanguka, halitapimwa. Siku ya ishirini alichoka, akatamani zibaki mbili tu. Zilibaki nane, akazingoja.

Siku ya kupima ilipofika, Fundi hakukubali kubaki nyumbani. Alisimama mbele ya mashine, kofia mkononi, kama mara ya kwanza. Injinia mwenyewe ndiye aliyebonyeza kitufe safari hii. Matofali ya kumi na mbili yalimomonyoka mapema. Ya kumi nayo hayakufika kumi na nane. Yakaja ya nane.

Mshale ulipanda. Kumi. Kumi na tano. Kumi na nane ikapita, na Injinia akajikuta ameshika mkono wa baba yake. Aliitaka ishirini, aliitaka sana, ingependeza kwenye ripoti. Kwenye kumi na tisa tofali lilipasuka, kwa kile kishindo kizito cha tofali zuri. La pili na la tatu nayo yakaishia palepale.

Kumbe inawezekana! Si kumi na mawili kama alivyodanganya, lakini nane inatosha. Saruji kidogo, ukuta salama. Kitu hiki kilikuwa kimefichika ndani ya vumbi la mawe siku zote, kikingoja mtu akipime. Mwili ulimsisimka.

Akachukua kalamu, akaandika: kumi na tisa.

Fundi alichungulia daftari juu ya bega lake. "Ungeweka ishirini tu," alimtania. "Nani angejua?"

Injinia hakucheka. "Wewe ndiye utakayejenga, Baba."

Fundi akatoa penseli nyuma ya sikio, akafungua kiganja chake kigumu, akaandika herufi moja moja: moja kwa nane. Chekechea ilikuwa inahitaji chumba cha pili. Jioni hiyohiyo alinunua saruji.