Mpira Uliofungwa na Baba

Kila asubuhi Mama, ambaye alikuwa mshonaji, alipakia sare za shule katika gari la marehemu Baba. Gari lilikuwa la zamani. Rangi yake ilikuwa imepauka. Kiti cha dereva kilikuwa bado kimebonyea mahali Baba alipozoea kukaa. Mama alikaa hapo hapo, ingawa alilazimika kuweka mto ili aone barabara.

Siku hizo gari lilikuwa na matatizo mawili. Liliposimama bila kuzimwa, lilitetemeka hadi vifungo vya sare vikacheza ndani ya kopo lake Mama. Tena lilibugia mafuta. Tangi lililojaa halikufika kilomita mia tatu.

"Mama, gari hili litatumaliza," alisema binti yake. "Plagi tumebadilisha. Chujio la hewa tumebadilisha. Bado linatikisika kuliko cherehani yako."

"Cherehani yangu haijamkosea mtu."

"Basi tumuuzie yule wa vyuma chakavu."

Siku mbili Mama alikataa. Siku ya tatu alikubali. Mnunuzi aliahidi kuja mwisho wa mwezi.

Alasiri hiyo jirani yao alipita. Alikuwa fundi mstaafu wa magari ya wagonjwa, na mtaa mzima ulimwita Bibi Spana. Alimkuta Mama ameketi garini, mikono juu ya usukani.

"Safari ya wapi hiyo, dada, na gari limezimwa?"

"Ninaliaga."

"Unamuaga mgonjwa ambaye hajapimwa?"

Bibi Spana alifungua boneti. "Liwashe. Usikanyage mafuta. Liache lingurume lenyewe." Alisikiliza. "Kuna mahali linavuta hewa isiyotakiwa. Niletee ile chupa unayonyunyizia nguo ukipiga pasi."

Binti aliileta. Bibi Spana alinyunyiza maji kidogo kwenye mipira myembamba ya hewa, mmoja baada ya mwingine. Aliepuka nyaya za plagi, na mkono wake haukukaribia feni. Alipofika kwenye mpira uliozungushiwa utepe mweusi, mlio ulibadilika. Injini ilitulia kidogo, kisha ikaanza tena kutetemeka.

"Mmesikia? Maji yameziba ufa kwa muda. Ugonjwa uko hapa."

Mama alimshika mkono. "Huo usiuguse. Marehemu aliufunga mwenyewe. Mafundi wote nimewakataza."

"Mama, mbona hukuniambia?" aliuliza binti.

"Ulikuwa na umri wa siku mbili. Tulikuwa tunatoka hospitali, mpira ukapasuka njiani. Akaufunga kwa utepe. Kisha akatuimbia mpaka nyumbani, na sauti yenyewe hakuwa nayo."

Bibi Spana alifuta mikono polepole.

"Alifunga ili mfike, dada. Na mlifika. Sasa utepe umekauka na hewa inapenya. Halafu kuna mtu amefungua skrubu hii ili mafuta yaingie mengi, afiche mtetemeko. Ndiyo maana linabugia."

Mama aliizima injini. Aliingia ndani, akatoka na mkasi wake wa kushonea. Utepe aliukata yeye.

Walinunua mpira mpya wenye upana ule ule. Bibi Spana aliufunga, kisha akairudisha skrubu mahali pake.

"Kila mkifanyia gari huduma, kagueni mipira yote," alisema. "Na msikisie matumizi ya mafuta. Jazeni tangi, andikeni kilomita, kisha mpime."

Binti aliandika. Tangi lile lilifika kilomita mia nne na kumi.

Mwisho wa mwezi mnunuzi aliingia uani. Alilizunguka gari, akagonga mlango kwa vidole, akachungulia magurudumu.

"Haya, liwasheni nilisikie."

Mama aliweka furushi la mwisho la sare kwenye kiti cha nyuma. Aliketi juu ya mto wake, akafunga mlango.

"Sogea kidogo, kaka, ninarudi nyuma," alisema. "Limewaka tangu ulipoingia."