Breki Zilikuwa Nzuri

"Breki zilikataa. Nilikanyaga, hamna kitu. Fundi wetu mmoja alizembea, na mimi nusura nife."

Ndivyo alivyosema Korbinian, mchumba wangu, dereva wa mbio za magari, mbele ya kamera, Jumamosi saa tisa alasiri. Kagonga magari mawili, kajikita kwenye ukuta wa matairi, lakini nywele zake zimelala vizuri utadhani anakwenda kupigwa picha ya pasipoti. Mimi nilikuwa gereji, hatua thelathini kutoka alipo, namtazama kwenye runinga, spana mkononi. Fundi wa breki katika timu yetu alikuwa mmoja tu, na fundi huyo ni mimi.

Ulf, mtu wa matairi, akanigeukia mdomo wazi.

— Imke, anakusema wewe?

— Kwani kuna mwingine?

— Mbona zile breki nimekuona ukizifanya kwa macho yangu! Umekagua mara mbili!

— Mara tatu. Twende kwenye kompyuta.

Kwenye magari ya mbio hizi za ubingwa hakuna siri ya mguu. Kila dereva anachokanyaga kinachorwa, na saa na mita. Tukaufungua mchoro wa mzunguko wa kumi na tisa. Barabara ndefu ya uwanja wa Norisring, halafu ile kona kali ya mwisho. Breki zilishika vizuri kabisa. Mguu wa bwana mkubwa ndio uliofika mita kumi na tano baadaye kuliko mizunguko yote iliyotangulia. Alitaka kupita wawili kwa mpigo mbele ya watu wa nyumbani kwao Nuremberg, basi. Sifa tu.

Simu ikatetemeka mfukoni. Baba yangu, kutoka nyumbani, Leer. Ni fundi mkuu aliyestaafu, na huwa haandiki ujumbe mpaka kuwe na msiba.

"Nimeona runinga. Breki ulizifanya au hukuzifanya?"

"Nilizifanya."

"Basi. Chai ipo."

Nikajifuta macho kwa mkono wa ovaroli. Nilikuwa nalia, ndiyo, sitaki kudanganya. Nilimpenda yule mtu. Pete yake ilikuwa shingoni mwangu kwenye uzi, kwa sababu fundi havai pete kazini, na harusi yetu ilikuwa Septemba.

Akanifuata mwenyewe nyuma ya lori la matairi, anatembea kwa kunyata kama kijana aliyevunja kioo cha jirani.

— Mpenzi, usinitazame hivyo.

— Nikutazameje?

— Niliulizwa ghafla! Kamera imeniingia puani. Ungekuwa wewe ungesema nini?

— Nilichelewa kukanyaga breki. Maneno matatu, Korbi. Hata wewe ungeyamudu.

— Kesho Dokta Vennemann anakuja kutoka kiwanda cha haya magari. Mkataba wa mwakani anao yeye. Dereva anayegonga wenzake kizembe hapewi gari, unajua. Lakini dereva aliyeangushwa na fundi wake, huyo anaonewa huruma. Na mafundi... mafundi wapo wengi.

— Eti mafundi wapo wengi.

— Aa, usinishike maneno bwana! Sikiliza. Bosi Tessmer ameandaa karatasi. Unasaini tu kabla ya mbio za kesho, yamekwisha.

Akanipa. Nikaisoma palepale, juani. *Mimi, Imke Tjarks, nakiri kwamba sikutoa upepo wote kwenye mafuta ya breki za gari namba thelathini na nne.* Chini yake mstari mtupu ukinisubiri.

— Korbi, Oktoba naingia kwenye mtihani wa fundi mkuu, nifungue gereji yangu. Miaka tisa nausubiri. Nikishasaini hii, nani ataniachia gari lake? Nani atakuja kwenye gereji yangu?

— Gereji ya nini tena? Utakuwa mke wangu.

Alilisema hilo kwa upole kabisa, akinishika shavu. Mwanamume huyu alikuwa anadhani ananipa zawadi.

Bado sikuwa nimefungua mdomo alipotokea mama yake, Bi Roswitha, mwavuli wa jua mkono mmoja, soseji tatu ndani ya mkate mkono wa pili. Hawa ni watu wa kuoka mikate ya tangawizi, vizazi vitano, na fedha zao ndizo zilizochora moyo mkubwa wa kahawia, umbo la mikate yao, kwenye boneti ya gari letu. Gari la mbio lina moyo wa keki! Madereva wenzake walikuwa wakicheka mpaka wanashika mbavu.

— Binti, amekueleza?

— Amenieleza, mama.

— Basi usimchoshe, ana mbio kesho. Na usifanye jambo dogo likawa kubwa. Mikono yako ina grisi tayari. Doa moja zaidi litaonekana wapi?

Nikamtazama Korbinian. Nilimpa nafasi. Nilihesabu kimyakimya mpaka tano, nikisubiri aseme "Mama, acha." Akainama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

— Nitafikiria, nikasema.

— Fikiria haraka, akajibu mama mkwe, akauma soseji yake.

Jioni ile alinitumia ujumbe saba. "Mpenzi, ni karatasi tu." "Septemba tutacheka." "Unanipenda au hunipendi?" Huo wa mwisho ndio niliojibu: "Nakupenda. Ndiyo maana nimekasirika hivi." Akanitumia picha ya moyo. Moyo! Mtu anazama, yeye anamtupia ua.

Jumapili asubuhi, gari likiwa limeshatengenezwa usiku, Bosi Tessmer akaniita mbele ya mafundi wote. Ni mtu mnene mwenye sauti ya chini, anayependa kuongea huku anatazama saa.

— Imke, umesaini?

— Mchoro wa mguu umeuona, bosi?

— Kompyuta naisoma mimi, hukuajiriwa kuisoma. Umesaini?

— Bado.

— Basi leo huligusi gari. Dunia nzima imesikia kwamba uliharibu breki, siwezi kukuweka tena kwenye breki mbele ya wageni. Ulf atazifanya. Wewe kaa pale kwenye matairi mpaka akili ikurudie.

Nikaenda kukaa kwenye matairi. Ulf maskini alizifanya zile breki huku ananiomba radhi kwa macho. Ni kijana mzuri, ila wa matairi ni wa matairi.

Ilipofika saa saba kasoro dakika tano, gereji ilijaa. Mbio zilikuwa saa saba na nusu. Bi Roswitha alikuwepo na wageni wake wa mikate ya tangawizi, na katikati yao Dokta Vennemann, mrefu, mkimya, kavaa shati jeupe. Kila mgeni kavalishwa hedifoni ili asikie dereva anavyoongea na timu. Hiyo ndiyo raha wanayoifuata. Na dereva akiwa bado gereji amechomekwa waya, hana kitufe cha kubonyeza: kila anachosema kinaingia kwenye masikio ya kila mtu. Korbinian analijua hilo miaka sita. Lakini woga humsahaulisha mtu.

Taa ya njia ya kutokea ikawaka kijani. Dakika kumi na tano tu, halafu inafungwa, na atakayechelewa ataanzia nyuma ya wote. Gari namba thelathini na nne halikusogea.

Ulf akaja mbio, hedifoni yake mkononi.

— Imke, vaa. Anakutaka.

Nikavaa. Sauti ya mchumba wangu ilikuwa nyembamba.

— Nani amefanya hizi breki?

— Ulf, akajibu Tessmer kwenye redio. Toka, Korbi, muda unakwenda.

— Sitoki. Pedali siielewi. Mwiteni Imke.

— Imke leo hafanyi kazi.

— Nimesema mwiteni Imke! Kule mwisho tunafika kilomita mia mbili na hamsini kwa saa, bosi! Mimi siendi kwenye ile kona na breki za mtu mwingine!

Nikaona mgeni mmoja anamtazama mwenzake. Dokta Vennemann akasogeza hedifoni yake ikakaa vizuri zaidi.

Nikasimama kutoka kwenye matairi. Nilijua nani anasikia. Nilijua vizuri sana.

— Korbi, niko hapa.

— Oh, asante! Mpenzi, njoo uzitazame, haraka.

— Unaita mikono ipi, hii iliyotaka kukuua jana?

— Acha utani, hakuna muda!

— Zipo dakika kumi na tatu. Kutoa upepo magurudumu yote manne natumia dakika tisa. Kwa hiyo una dakika nne. Jana ulisema nilizembea. Kama ni kweli, mimi ni hatari kwako, na mtu hatari siwezi kukuletea leo. Kama si kweli, sema.

— Imke!

— Dakika tatu na nusu.

Tessmer akanijia, uso mwekundu kama nyanya.

— Wewe, toa hiyo hedifoni!

— Muache, akasema Dokta Vennemann. Hakupandisha sauti. Ndilo neno lake la kwanza siku ile.

Kwenye masikio yetu Korbinian alikuwa anahema.

— Sawa! Sawa bwana! Hukuzembea. Unajua hukuzembea, mimi najua, Tessmer anajua, ameuona mchoro. Nilichelewa kukanyaga. Nilitaka kuwapita wote wawili. Umefurahi? Sasa njoo ufanye hizo breki, hakuna mtu mwingine ninayemwamini!

Bi Roswitha alishika hedifoni kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kuirudisha sauti ndani.

Unajua kilichoniuma? Nilisubiri maneno yale usiku kucha, nikidhani nikiyasikia nitamsamehe. Nikayasikia, na moyoni sikukuta kitu. Alikuwa amesema ukweli kwa sababu anaogopa ukuta. Mimi sikumjia akilini hata kidogo.

Nikaenda kwenye gari. Sikumfanyia visa, kazi ni kazi. Ulf akanishikia chupa ya mafuta, nikalala chini ya gurudumu la nyuma.

— Kanyaga.

Akakanyaga.

— Shikilia. Achia. Kanyaga tena. Ee, leo angalau unakanyaga kwa wakati.

Nikamsikia fundi mmoja akijizuia kucheka, akashindwa.

— Mpenzi, usinifanyie hivi mbele za watu, akanong'ona, akisahau tena kwamba tunasikia wote.

— Jana ulinifanyia mbele ya nchi nzima. Shikilia. Achia.

Magurudumu manne, dakika nane na nusu. Palikuwa na upepo kidogo kwenye gurudumu moja la mbele, nikautoa wote. Nikainuka, nikagonga boneti mara mbili juu ya ule moyo wa keki.

— Nenda. Zitashika popote utakapozikanyaga. Mahali pa kukanyaga ni juu yako.

Akatoka na dakika moja na ushei mkononi.

Tessmer alikuwa bado amesimama palepale. Nikachomoa ile karatasi mfukoni, nikaifutia mikono, mbele na nyuma, mafuta ya breki na grisi, nikampa.

— Ulitaka mkono wangu kwenye karatasi, bosi. Huo hapo. Vidole vyote kumi. Na kazi yako nimeacha.

— Huwezi kuacha katikati ya mbio!

— Mafundi wapo wengi.

Dokta Vennemann akamgusa bega Tessmer.

— Nitaomba huo mchoro wa jana. Sasa hivi.

Sikungoja kuona. Nikamwendea Bi Roswitha. Nikavua uzi shingoni, nikaifuta ile pete kwa kitambaa kisafi, polepole, mpaka ikang'aa.

— Mama, mpe mwanao.

— Binti, subiri. Haya mambo yanazungumzika. Harusi tumeshaalika watu mia mbili!

— Wape mikate ya tangawizi. Pokea tu, usiogope. Haina doa.

Akaipokea.

Mbio nilizitazama kupitia waya wa uzio, kando ya ziwa la Dutzendteich, nimesimama na mashabiki wanaokula na kushangilia, ovaroli nimeifunga kiunoni. Sikujua kama namwombea mema au mabaya. Kila mzunguko, akifika ile kona, roho ilinidunda, kwa sababu breki zile ni zangu. Zilishika mara zote. Akamaliza wa kumi na saba kati ya ishirini na mbili. Alikuwa anakanyaga mapema mno, kila kona, kama bibi anayeshuka ngazi.

Kwenye skrini kubwa wakamleta na kipaza sauti. Nywele safari hii zilikuwa zimelowa.

— Korbinian, wa kumi na saba nyumbani kwenu! Nini kimetokea? Breki tena?

Akafungua kinywa. Nikamjua: alikuwa anatafuta mtu. Macho yakaenda kushoto, yakaenda kulia, yakamkuta Dokta Vennemann amesimama nyuma ya kamera na kompyuta kwapani.

— Hapana, akasema. Breki zilikuwa nzuri.

— Matairi, basi? Injini?

— Vyote vilikuwa vizuri.

Mtu mmoja jirani yangu, mnene, bia mkononi, akaguna.

— Sasa kama vyote vizuri, kibovu ni nini?

Nikacheka mpaka akanigeukia. Kisha nikatoa simu, nikamwandikia baba: "Weka maji jikoni. Nakuja peke yangu."