Vema ya Mwalimu Anneth

Mwalimu Anneth alikuwa na ugonjwa mmoja: akiona hesabu imekosewa, mkono unamwasha. Ndiyo maana siku ile sokoni Tukuyu, mvua inamwagika na watu wanagombania robota jipya la mitumba, aliacha sweta alilokuwa akilichagua akamnyang'anya muuzaji kalamu.

“Nusu jumlisha theluthi haiwi mbili juu ya tano, kaka!”

Muuzaji, Lazaro wa Kyimo, kijana mrefu ndani ya koti la ngozi, alikitazama kipande cha boksi alichokuwa akikokotolea. Akacheka.

“Ndaga fijo, asante sana, mwalimu. Basi nifundishe. Nimefeli mara mbili, na bila hisabati chuo cha kilimo nitakisikia redioni tu.”

Akamfundisha, kila jioni, kwa chai na ndizi za kuchemsha. Mapenzi nayo, jamani, hayapigi hodi. Kufika Septemba Lazaro alikuwa akimwita “mpenzi” katikati ya mafumbo, na Anneth akijifanya hasikii.

“Mpenzi, hivi una miaka mingapi?”

Moyo ukampiga. Alikuwa na ishirini na saba, Lazaro ishirini na nne, na watu wa mji huu wana midomo!

“Kokotoa. Ukiondoa theluthi ya umri wangu, inabaki kumi na minane.”

Lazaro akakuna kichwa, akaandika daftarini. “Theluthi ya kumi na minane ni sita. Ongeza... ishirini na nne! Kumbe sisi rika moja!”

Kosa lile lile alilomkataza mwezi mzima: theluthi ni ya umri wote, siyo ya kilichobaki. Anneth alishika kalamu nyekundu, akauona uso wa yule kijana ulivyochangamka, akashindwa. Akaweka vema.

Wiki mbili kabla ya mtihani, Lazaro alimfuata nyumbani na daftari mkononi.

“Nimerudia zote. Hii jibu lake ni ishirini na saba. Uliliona kosa?”

“Niliona. Niliogopa utanikimbia, Lazaro. Nimekuzidi miaka mitatu.”

“Nani kauliza miaka? Hizi vema nyingine je? Zipi za kweli, zipi za huruma? Naingia kwenye mtihani nimeegemea nini mimi?”

Akalibwaga daftari mezani, akaondoka.

Anneth alilia. Jumapili hata kanisani hakwenda. Alisahihisha upya hesabu mia moja na kumi na mbili. Kwenye ile moja akafuta vema, akapiga mkasi wa kosa, akaandika chini: “Nyingine zote ni zako kwa haki.” Akampelekea kwa mkono wa jirani. Jibu halikuja.

Matokeo yalitoka Februari. Lazaro aliingia ofisi ya walimu amevaa shati lililopigwa pasi, akamwekea Anneth kipande cha boksi mbele yake.

“Nimefaulu. Sasa nifanyie hili. Kijana ana ishirini na nne, mpenzi wake ishirini na saba. Baada ya miaka x watakuwa sawa. Tafuta x.”

Anneth akakokotoa, machozi yakimlengalenga. “Haina jibu.”

“Hata nikisubiri miaka mia?”

“Hata mia.”

“Basi nasubiri nini? Mjomba wangu Andongwisye barua ya posa anayo mfukoni. Anauliza tu kwenu Morogoro apande basi gani.”

Anneth alichukua kalamu nyekundu. Safari hii alihakiki mara mbili, ndipo akaweka vema.