Salma wa Tatu

Magharibi ilipoingia, Keziah alichukua ndoo na kitambaa akashuka kwenye chumba cha mazoezi, chini ya nyumba, kwenda kupangusa baiskeli. Ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla ya kupakua chakula. Baiskeli yenyewe haikwenda popote. Ilifungwa sakafuni kwa vyuma, mbele ya skrini iliyojaza ukuta mzima. Madam akikanyaga, njia iliyo kwenye skrini inasogea. Akiacha, nayo inasimama. Wenye pesa wana mambo. Mtu anatokwa na jasho ndoo nzima, na bado yuko palepale Al-Hamra, Jeddah.

Njia hiyo ilikuwa ya Ufaransa. Bosi, mume wa madam, aliipiga picha kwa kamera aliyoifunga kwenye usukani, miaka mitatu nyuma, familia ilipokwenda kutembea kwa baiskeli huko milimani. Zamani palikuwa na reli. Reli iling'olewa ikabaki njia ya changarawe, inapanda na kushuka ndani ya msitu wa mialoni, na hakuna gari hata moja linaloruhusiwa kupita. Kila Ijumaa madam aliwasimulia wageni: kimya kile, kivuli kile, hewa ile! Keziah alikuwa anazungusha sinia la kahawa na kusikia yote.

Katika nyumba hiyo hakuna aliyemjua Keziah. Siku aliyofika, madam alimtazama juu mpaka chini akasema, "Wewe Salma." Mfanyakazi wa kwanza, Mwindonesia, aliitwa Salma kweli, jina alilopewa na mamake. Wa pili alipokuja, madam aliona uvivu kujifunza jina jingine. Kwa hiyo Keziah alikuwa Salma wa tatu, na sare ya buluu aliyoivaa ilikuwa moja ya zile alizoacha Salma wa pili, imepunguzwa kiunoni. Mara mia kwa siku, kutoka ghorofani, kutoka jikoni, kutoka bafuni: "Salma!" Na kabla hajawaza, mdomo wake ushajibu, "Naam, madam." Binadamu huzoea lolote, na huo ndio ubaya wake.

Mkataba wake wa miaka miwili ulikuwa umekwisha mwezi uliopita. Kule Kakamega binti yake Velma, wa miaka saba, alikuwa ameanza kumwita shangazi yake mama. Jambo hilo lilimchoma Keziah kuliko pasi iliyowahi kumuunguza mkono. Lakini madam alikuwa na pasipoti kwenye sefu, na madam alikuwa ameshasema: "Kwanza Ufaransa, wiki tatu. Wewe kubeba vitu, kuangalia watoto. Halafu nyumbani."

Angebishana na nani?

Jioni ile alianza na kiti, akaja kwenye usukani, akainama kusugua pedeli. Pedeli ikazunguka kidogo. Kwenye skrini njia ikasogea. Miti ikapita... kona ikapita...

Mbele, kando ya njia, kulikuwa na kitu cha buluu.

Alizungusha tena kwa mkono. Alikuwa mwanamke. Alikaa chini, amempa mgongo, baiskeli imelala pembeni yake. Amevaa sare ya buluu yenye kola nyeupe.

Keziah alijitazama kifuani. Sare ni ileile.

Kisha harufu ikaja. Majani mabichi yaliyooza, udongo uliolowa. Jeddah, ambako mvua ni habari ya mwaka! Aliachia pedeli kama aliyeshika kaa la moto, akatoka bila kuchukua ndoo.

Kesho yake alijitia kufuta vioo ili amwone madam akiendesha. Ile kona ilifika ikapita. Hapakuwa na mtu. Lakini jioni, alipobaki peke yake na kitambaa chake, mwanamke alikuwepo. Na safari hii alikuwa karibu zaidi.

Keziah alimpigia simu Lorine, rafiki yake aliyeishi Riyadh, mtaa wa Shumaisi, katika chumba cha wanawake sita. Lorine alikuwa ameletwa Saudia kwa ndege moja na huyo Salma wa pili.

"Jina lake Maryann," Lorine alisema kwa sauti ya chini. "Walisema ametoroka wakiwa Ufaransa. Ati ameingia Ulaya, sasa anakula maisha. Hata mamake kule nyumbani anaringa, anangoja atumiwe kitu. Uongo mtupu! Maryann alikuwa mwoga, hata lifti ilikuwa inamshtua."

"Sasa nini kilimpata?"

Lorine alitoka kwanza koridoni, mbali na wenzake. Halafu akasema, "Alinitumia voice note ya mwisho. Nitakuchezea. Usinilaumu."

Sauti ya Maryann ilikuwa ya mtu anayehema. "Lorine, mlima umenishinda. Nimebeba mabegi yao yote na baiskeli sijaizoea. Wameenda wameniacha... jua linazama. Lakini si mbaya, nasikia madam ananiita huku ndani ya msitu. Salma, Salma. Wacha niende."

"Umesikia?" Lorine aliuliza. "Madam alikuwa mbele, njiani, na baiskeli yake. Msituni angeingia kufanya nini?"

Keziah alisikia nywele zikimsimama. Kila mtoto wa kwao hufundishwa kabla hajajua kufunga kamba za viatu: ukiitwa jioni na humwoni anayekuita, nyamaza. Nyamaza hadi umwone. Maryann alifundishwa hivyohivyo. Lakini walikuwa wamemzoesha vingine.

Siku ya tatu hakutaka kushuka. Akashuka. Kazi haimngoji mwoga. Alifunga macho akapangusa kiti, akapangusa usukani, pedeli hakuigusa. Nyumba ilikuwa kimya, madam ametoka na watoto kwenda dukani. Akageuka aondoke.

"Salma!"

"Naam, madam."

Jibu limeshatoka.

Madam hakuwemo nyumbani.

Keziah alisimama na kitambaa mkononi. Nyuma yake cheni ya baiskeli ilianza kulia... krrr... krrr... taratibu, kama mtu anayepanda mlima kwa shida. Maji baridi yakamgusa vidole vya miguu. Hakutaka kugeuka, na akageuka.

Pedeli zilikuwa zinazunguka zenyewe. Kwenye skrini, mwanamke wa buluu alikuwa mbele kabisa, ameujaza ukuta, na bado amempa mgongo. Nywele zake zilikuwa na majani.

"Hata mimi nilidhani ni madam," alisema kwa Kiswahili, polepole. "Nikaitika. Nikafuata."

Keziah alirudi nyuma hatua moja.

"Haikuwa madam, dada. Haina uso. Ina sauti tu." Bega lake likatikisika, labda alikuwa analia. "Sasa umeitika. Inakujua. Usiikanyage njia hii... usiikanyage."

Skrini ikazimika. Sakafuni paliachwa maji meusi, na Keziah aliyapiga deki, kwa sababu ingekuwa ni yeye wa kuulizwa.

Usiku huohuo alimpigia madam magoti. Hakusema neno kuhusu Maryann, nani angemsadiki? Alisema tu haendi Ufaransa, hata akatwe mshahara, hata afanywe nini. Alitarajia kofi. Madam alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekumbuka kitu ambacho hataki kukikumbuka, halafu akageuka upande.

"Mimi naleta mpya kutoka ofisi ya wafanyakazi, Riyadh," alisema. "Mpya akijua kazi, wewe nyumbani. Mpya hajui, wewe Ufaransa. Halas, imekwisha."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Watu husema hivyo wakicheka.

Mpya aliitwa Mitchelle. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, begi moja, na kicheko kilichofika kabla yake. "France, Keziah! Mimi nitapiga picha mpaka simu ijae! Wewe kwa nini umekataa? Wewe ni mjinga ama?" Keziah alimpenda saa hiyohiyo, na afadhali asingempenda. Alimfundisha pasi ya kanzu, chumvi ya wali, dawa ya kila sakafu. Alimpa sare ya buluu, aliyoifua mara tatu. Kila usiku walipolala chumba kimoja alifungua mdomo amwambie. Kila mara alimwona Velma akimwita mtu mwingine mama, akaufunga. Nitamwambia kesho, alijisemea. Kesho ni rafiki mkubwa wa mwoga.

Zikaisha siku tano. Jioni ya kuondoka, gari la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa limewashwa nje. Keziah na Mitchelle walikuwa wamesimama ukumbini wakikunja mashuka. Madam alishuka ngazi akasimama nyuma ya Mitchelle, pasipoti ya Keziah mkononi, akiwatazama. Alikuja kuona kama mpya anajua kazi.

"Salma!"

Keziah alimtazama madam. Midomo ya madam ilikuwa imefungwa.

Sauti ilikuwa ya madam, lakini ilitoka chini. Ilitoka kwenye chumba cha mazoezi.

Mitchelle, ambaye macho yake yalikuwa kwenye shuka, aliendelea kukunja. "Salma!" Keziah aliuma ulimi hadi akaonja damu, maana mdomo ulitaka kujibu wenyewe. Harufu ya majani yaliyooza ilipanda ngazi.

"Keziah, nani huyo anaitwa?" Mitchelle alinong'ona.

Madam hakugeuka kuangalia sauti ilikotoka, wala hakushtuka. Alikuwa amekunja uso tu, kama mtu anayengoja foleni isogee. Alijua. Tangu Ufaransa alikuwa anajua. Kidole chake kilikuwa kikipiga jalada la pasipoti, tap... tap...

Keziah alimtazama Mitchelle, kola nyeupe, nywele alizosuka jana kwa ajili ya picha.

"Ni wewe," alisema. "Ukisikia jina hilo, itika. Usingoje umwone anayekuita."

"Naam, madam!" Mitchelle aliitika kwa sauti tamu, akaweka shuka chini, akaelekea ngazi za chini.

"Yalla, nenda," madam alisema, akamwekea Keziah pasipoti kiganjani. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Keziah alisikia ndala za Mitchelle zikishuka, ngazi baada ya ngazi. Angeweza kumwita. Jina lake halisi alikuwa analijua, na sauti alikuwa nayo. Alibeba sanduku lake, akatoka nje, akaingia garini na kufunga mlango.