Mpira wa Rawle

"Umegusa kigongo, Marva, nimeusikia kabisa..."

"Umesikia tumbo lako, Erskine, mpira haukugusa..."

"Umegusa, na mimi nikaudaka kabla haujaanguka. Toka."

"Sitoki."

Enzi hizo pale Speightstown, mji wetu mdogo kwenye kimoja cha visiwa vya West Indies, barabara yetu ndiyo ilikuwa uwanja wa kriketi na kreti la soda ndilo wiketi, shabaha ya mrusha mpira. Gari likija tunaondoa kreti, likipita tunarudisha, ugomvi unaendelea palepale ulipoachwa. Jioni hiyo nilikuwa na alama arobaini na nane. Mwalimu Gittens alikuwa ameahidi nafasi moja ya timu ya shule kwa atakayetangulia kufika hamsini. Zilibaki mbili tu. Na mpira, niseme kweli, uligusa. Mtikisiko niliusikia hadi kwenye kiwiko.

Tukamkimbilia mzee Blackett atuamulie. Alikuwa barazani kwake akila shelisheli la kuchoma. Huyu alikuwa nahodha wa timu ya kriketi ya West Indies, visiwa vyote, kwa miaka tisa. Sisi tulimjua zaidi kwa kuanika soksi zake kwenye ua. Erskine akaeleza, nikamkatiza, naye akanikatiza. Mzee akamaliza kutafuna kwanza.

Hakuuliza nani mkweli. Akatusimulia alivyoanza na kigongo cha shina la kuti la mnazi kwenye barabara hiihii, akapanda meli kwenda kucheza Uingereza, na siku aliporudi na kombe, mji mzima ulivyombeba mabegani. Halafu akashusha sauti. Kabla ya meli na kombe, katika mchezo na Trinidad, mpira uliorushwa na kijana wao aitwaye Rawle Mohipp uligusa kigongo chake, ukadakwa. Mwamuzi hakuona.

"Siku zile muungwana alitoka mwenyewe, bila kungoja kuambiwa," alisema. "Mimi nikabaki, nikafikisha mia. Kwa mia hiyo wakanichagua timu ya visiwa vyote. Rawle alihitaji kumtoa mtu mmoja tu ili naye aitwe. Hakuitwa kamwe."

Nikatazama vidole vyangu vya miguu. Kisha nikamwambia Erskine kwamba uligusa, nikampa kigongo. Alikipokea polepole, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

"Vizuri, binti yangu," mzee alisema. "Hamsini utazitafuta tena kesho. Ila kitu ukikipata kwa uongo, hakiwi chako. Mimi nimepigiwa makofi dunia nzima, na yote nimeyasikia nusu."

Tulidhani amemaliza, tukageuka turudi mchezoni. Akaniita. Akaweka sahani pembeni.

"Marva, daftari unalo? Njoo uniandikie barua. Rawle bado yu hai."